Majaketi Kumi na Manane, Boti Sita

Kapteni Mhina alizikwa Shinyanga Jumatano alasiri, nami nikafika Ijumaa, kwa sababu basi nililopanda Ushirombo lilikufa Tinde na fundi aliyeitwa alikuja na bisibisi moja na ushauri mwingi. Nikakuta hitima. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, na mimi Mkatoliki niliyejitanda khanga kichwani nikapewa nafasi karibu na dirisha, mbele ya sinia la pilau lililokuwa limeshaliwa upande mmoja. Mjane aliniuliza kama mimi ndiye yule Leokadia wa redio. Nikasema ndimi. Akalia kidogo, nikalia naye, kisha akanisogezea kachumbari. Hapo ndipo nikasikia sauti nje ya dirisha. Sura ya mwenye sauti ningepishana nayo sokoni nisiitambue, maana amenenepa na nywele zimemkimbia, lakini sauti ya mtu uliyemzoea redioni haizeeki. Alikuwa Maige. Alikuwa anawasimulia wazee wenye kanzu kwamba yeye yuko hai kwa sababu ya marehemu na karani wake, binti mmoja wa Ushirombo, ambaye yeye Maige alipoita tu mara moja alimsikia, palepale, bila kusita. Wazee wakasema mashallah. Mimi nikarudisha tonge siniani. Mwaka ule naukumbuka vizuri kuliko mwaka wa harusi yangu, na najua sivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia Geita, lakini ukienda dakika kumi majini mtandao unakufa, kwa hiyo ziwani mtu alitegemea redio au mapafu yake. Mimi redio nilijifunzia misheni, kwenye simu ya upepo ya masista, ambayo parokia ziliitumia kuulizana habari za dawa na mapadre wagonjwa. Kapteni Mhina alipotafuta karani anayeweza kushika kipaza sauti bila kutetemeka, sista mmoja akanitaja. Ofisi yake ilikagua usalama wa boti ndogo. Siku hizi haipo, msihangaike kuitafuta. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja mwaloni, wanaposhushia samaki, kilichokuwa stoo ya dagaa kabla yetu, na kwa harufu yake chumba kile hakikukubali kamwe kwamba mpangaji amebadilika. Kulikuwa na meza, viti viwili, redio, betri ya gari chini ya meza, na ukutani karatasi ngumu aliyoiandika Kapteni kwa mkono wake mzuri: CHANELI 16 NI YA KUITANA NA YA HATARI. SEMA KIDOGO. ONDOKA. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, kiatu kinang'aa hata kwenye tope, na Kiswahili chake utadhani kimepigwa pasi. Ukapteni sijui aliupata wapi. Sikuwahi kumwona akiendesha chombo chochote, hata baiskeli.

Boti tulizokagua hazikuwa za uvuvi wala za abiria. Zilikuwa sita, za starehe tupu, mali ya watu ambao maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, yalikuwa yametema. Zamani mtu wa kwetu akipata alinunua ng'ombe. Hawa ng'ombe walikuwa nao tayari, na nyumba, na magari, sasa wakawa hawajui pesa ikae wapi, ndipo mmoja akaleta boti na wengine watano wakaona haiwezekani wao wapitwe. Mwenyekiti wa klabu yao alikuwa Mzee Ng'wandu, ambaye hakujua kuogelea, hakupenda samaki, na kwenye boti yake mwenyewe alikaa katikati kabisa, kashika kiti kwa mikono miwili, akisema anapumzika. Maige alikuwa mdogo wao, hajafika thelathini, utajiri wake wa machimbo ya Mwakitolyo bado mbichi, na boti yake aliipaka rangi ya dhahabu ili mtu asiulize imetoka wapi. Boti tatu zilifungwa kwenye gati letu. Tatu nyingine zilikuwa ng'ambo ya ghuba, nyuma ya majabali, kila moja mbele ya nyumba ya mwenyewe.

Redio walizinunua kwa sababu kanuni zilidai, lakini walipogundua kwamba redio haili vocha, Kapteni alikoma. Msukuma haanzi shauri bila salamu. Utasikia mwangaluka, unarudishwa mwangaluka, kisha nyumbani, kisha watoto, kisha ng'ombe, kisha mvua ya upande ule, halafu mdogo anakumbuka kuwa anayeongea naye ni mkubwa wake na anaona aibu, inabidi waanze upya. Yote hayo kwenye chaneli kumi na sita, ya hatari. Kapteni alikuwa akiingia katikati: kituo hapa, taja jina la chombo, taja shida yako, ova. Kisha inakuja sauti ya Mzee Ng'wandu, ya upole na masikitiko, ikimuuliza Kapteni kama huko kwao Tanga hawajambo. Miezi ya mwanzo Kapteni alikuwa ananigeukia kila mara kuuliza wanasema nini, maana Kisukuma hakukijua hata cha kuombea maji. Namjibu wanasalimiana tu. Ilikuwa kweli, na baadaye aliacha kuuliza.

Ukaguzi ulikuwa kila baada ya miezi mitatu. Kila boti ilitakiwa iwe na majaketi sita ya kuokolea maisha, mtungi wa kuzimia moto, fataki za dharura, filimbi, na redio inayosikika. Asubuhi Kapteni alikagua zile tatu za gatini, akifungua kila kifungo cha kila jaketi kwa vidole vyake virefu. Saa sita anaalikwa kwa Mzee Ng'wandu. Sebule ile naiona mpaka leo: makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa za ukutani tatu ambazo hazikukubaliana, na friji palepale sebuleni ili mgeni aione. Mke wa mzee, Mama Holo, alikuwa anapika kwa ukali. Kwanza karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, ati za kusogezea muda, kisha wali wa kwao Shinyanga, kisha kuku wa kienyeji, kisha ugali kwa ambaye wali haujamkaa, kisha maziwa mgando kwenye kibuyu. Kapteni alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni adabu. Kwao mgeni hakatai, na Mama Holo alikwishaujua udhaifu huo, akawa anaongeza. Saa tisa Kapteni anainuka kwa shida, anapakiwa kwenye gari, anazungushwa ghuba nzima kwa barabara, na huko ng'ambo anazikuta boti tatu ziko kamili, majaketi sita sita. Alikuwa anarudi kituoni akisema klabu hii ni mfano. Alikuwa anaisema kweli kwa moyo wake, na ndiyo maana inaniuma.

Mimi chakula changu nililetewa chumba cha redio, kwa kuwa redio haiachwi peke yake. Basi ukaguzi wa kwanza kabisa, nina paja la kuku mkononi, namsikia Maige kwa Kisukuma, yuko majini, anamwambia mtu wa ng'ambo kwamba mzigo unakuja, umefungwa kamba, wote kumi na nane, na kwamba lile jaketi lenye doa la mawese walilaze kifudifudi maana Kapteni kashaliona asubuhi. Nilicheka mpaka mfupa ukanipalia. Klabu nzima ilikuwa na majaketi kumi na manane! Yalikaguliwa asubuhi, yakavuka ghuba wakati wa wali, yakakaguliwa tena jioni. Na mabwana wale, wenye akili ya kutoa dhahabu kwenye mwamba, hawakuwahi kuwaza kwamba redio wanayopangia wizi wao ndiyo iliyo mezani kwangu. Au waliwaza, wakasema huyu ni wa kwetu.

Nilinyamaza, na sababu naitaja bila kuipaka sukari. Mezani kwa Kapteni kulikuwa na fomu yenye jina langu, ya kozi ya redio Dar es Salaam, mwaka mzima, cheti, na kazi baada yake. Nafasi ilikuwa moja. Ilitakiwa sahihi ya Kapteni mwisho wa mwaka, na kwa sharti kwamba kituo chetu kiwe hakina dosari. Ningesema habari za majaketi, kituo kingekuwa na dosari kumi na nane. Bila fomu ile ningerudi Ushirombo kulima muhogo na kuolewa na mtu wa kwanza mwenye baiskeli, na mtu huyo alikuwepo, alikuwa ananisubiri, na baiskeli yake nilikuwa naijua. Kwa hiyo ukaguzi wa pili ulipopita kama wa kwanza, nilikula kuku wangu nikatazama ukuta.

Wa tatu ukaangukia Ramadhani. Sijui ni nani kati yao alisahau, nadhani wote sita. Kapteni alimaliza boti za gatini saa tano na nusu, akafunga kalamu mfukoni, akasema basi twendeni ng'ambo. Mama Holo alikuwa ameshachinja. Nilimwona Mzee Ng'wandu akitazama jua, akitazama majabali, akimtazama Maige, na jasho likamtoka. Lakini mtu hapewi uenyekiti bure. Alimwambia Kapteni kwa unyenyekevu kwamba wanaklabu wanaona haya, redio hawaitumii inavyotakiwa, na kwa kuwa leo hakuna chakula cha kuwachelewesha, wanaomba darasa. Uso wa Kapteni uling'aa kuliko viatu vyake. Mwaka mzima alikuwa anangoja mtu amwombe.

Tukajaa chumba kile, Kapteni amesimama chini ya karatasi yake, Mzee Ng'wandu kwenye kiti changu, wenzake wawili wamechuchumaa mlangoni, Maige kashatoweka na mzigo, mimi nimekaa juu ya debe karibu na redio. Kapteni alifundisha kwa utamu. Ukiwa hatarini, alisema, husalimii. Unasema meidei, unataja chombo, unataja mahali ulipo, unataja kinachokusibu, na unarudia. Mzee Ng'wandu akauliza, kwa heshima zote, je kama anayepokea ni baba mkwe? Kapteni akasema hata akiwa baba mkwe. Wakatazamana. Mwingine akauliza kama mtu anaweza angalau kuamkia kwanza, haraka haraka, halafu ndiyo azame. Kapteni alikuwa anameza mate ya kuelezea jambo hilo kwa mara ya nne pale redio ilipokoroma, na sauti ya Maige ikaja kwa Kisukuma, chini chini, kwamba maji yanaingia, yuko katikati ya ghuba, waje.

Wazee wale watatu walisikia, nikawaona wamekauka. Kapteni akanigeukia. Ilikuwa miezi mingi hajauliza, siku hiyo akauliza, labda kwa ajili ya somo: "Anasema nini, binti?"

"Wanasalimiana tu, Kapteni."

Hiyo ni sauti yangu mimi. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia Maige ni mtu wa mbwembwe, kalowa viatu anapiga kelele. Nilijiambia wazee watatoka kimyakimya watamfuata. Nikaitazama fomu, ilikuwa pale mezani chini ya kikombe. Redio ikakoroma tena. Safari hii Maige alisema gunzi limetoka, na hakusema chini chini. Gunzi maana yake nitaeleza: boti yake ilikuwa na tundu sakafuni la kutolea maji, kizibo chake kilipotea, naye akaziba kwa gunzi la mhindi lililofungwa mfuko wa plastiki, na kwa vile kila anayekagua alihesabu majaketi, hakuna aliyeinama kutazama chini. Kapteni akaniangalia tena. Nikasema wanaulizana habari za nyumbani. Mzee Ng'wandu alishika kiti changu kwa mikono miwili. Ilipokuja mara ya tatu Maige hakuwa anasema, alikuwa analia, anaita mama yake, minzi, minzi, na neno hilo la maji nililijua tangu nikiwa mgongoni. Nikasimama debe likaanguka. Nikasema, "Kapteni, anazama. Ana majaketi yote. Ameyafunga kamba."

Kapteni hakuuliza majaketi gani. Alitoka mbio na viatu vyake vile akaingia boti ya Mzee Ng'wandu, mzee mwenyewe nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mzee hakukumbuka kushika kiti. Mimi nilibaki na kipaza sauti nikimwambia Maige kwa Kisukuma asiiache redio, mpaka redio ikakata. Muda ule sitaki kuueleza. Niliahidi vitu vingi kwa watakatifu wengi, vingine mpaka leo sijavitimiza.

Walimkuta amekaa juu ya furushi. Majaketi kumi na manane yalikuwa yamesokotwa kwa kamba ndani ya turubai ili yasionekane kutoka ufukweni, mafundo ameyashindwa, boti imekwenda chini, furushi limebaki juu, naye kalipanda kama mtu aliyepanda punda asiye wake. Hapakuwa na mtu salama kuliko yeye ziwa zima. Aliporudishwa gatini alitetemeka, akamshika Kapteni mkono, na mbele ya watu wote, meno yakigongana, akamwambia shikamoo. Kapteni akaitikia marahaba. Kisha akaenda pembeni akanywa maji kopo zima, na funga ile ikabidi ailipe baada ya Idi.

Kesho yake aliniita. Aliniuliza tangu lini najua habari za majaketi, nikasema tangu ukaguzi wa kwanza. Hakunifokea, ambako ndiko kulikuwa kubaya. Alikuwa ameshaandika ripoti yake akanisomea. Kwamba kaguzi zote za mwaka ni batili. Kwamba majaketi yale yale yalihesabiwa mara mbili kila ukaguzi. Kwamba karani alijua. Kwamba wakati yanavushwa mkaguzi alikuwa anakula. Nikamwomba alifute hilo la mwisho, na yeye akasema ndilo la kweli kuliko yote. Kuhusu salamu hakuuliza, nami sikusema. Nilingoja nifukuzwe. Badala yake akavuta fomu chini ya kikombe, akaandika mahali pa dosari "zipo, tazama ripoti," na mahali pa maoni ya mkubwa wa kituo akaandika kwamba binti huyu, ajapokuwa na la kupoteza, alisema kwa wakati. Kisha akasaini.

Dar es Salaam walilipenda neno hilo kuliko walivyochukia dosari. Nilikwenda. Nikapata cheti, kazi, na baadaye wanafunzi wangu mwenyewe, na nimewafundisha vijana wengi kwamba anayesikia sauti ya hatari hangoji. Kapteni alihamishiwa Shinyanga kwenye ofisi isiyo na maji karibu, akaoa huko, akazeekea huko, na kila Idi aliniandikia. Kila mara nikitaka kumwambia nasema mwakani. Yeye ameondoka akiamini kwamba nilisema kwa wakati, na mimi kwa sababu ya sentensi ile nimekula mkate maisha yangu yote. Mtu asiniambie kwamba ilikuwa sekunde chache. Nilikuwepo.

Basi pale hitimani nilinawa mikono, nikatoka nje. Maige aliponiona alisimama na tumbo lake lote, akawaita wazee wa kanzu, akawaambia huyu hapa, ndiye huyu. Nilimvuta pembeni karibu na pipa la maji. Nikamwambia namna ilivyokuwa, bila kuzunguka, kwamba uliita mara tatu, na ya kwanza niliisikia. Na ya pili niliisikia. Kapteni aliniuliza unasema nini, nikamwambia mnasalimiana.

Hakucheka. Alichukua kopo akachota maji, akanawa polepole, kidole kimoja kimoja, nikajua sasa atanitukana na atakuwa na haki. Akajifutia kwenye shati.

"Leokadia," akasema, "wewe hujawahi kujiuliza kwa nini mtu anazama anaita kwa Kisukuma, wakati mwenye kituo cha kumwokoa ni Mtanga?"

Nikasema sijawahi.

"Kiswahili nilikuwa nakijua. Maji yamenifika kiunoni bado nasema Kisukuma, ili Kapteni asijue nimebeba nini."